Namshukuru Mungu aliyemponya rafiki yangu, na ushuhuda usemwe wote

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimtukuze Mungu hadharani kwa kumponya rafiki yangu, fundi seremala na mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya ya usharika wetu hapa mkoani Kilimanjaro, ambaye amemaliza matibabu ya kifua kikuu sugu na madaktari wamethibitisha kuwa amepona. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuyaandika haya, ila jina lake naliacha kwa ajili ya watoto wake ambao bado wako shuleni.

Alikohoa kwa muda mrefu akidhani ni vumbi la mbao. Makohozi yake yalipopimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, ilionekana kwamba vimelea vyake havisikii rifampisini, na vipimo vilivyofuata vikaonyesha kuwa hata isoniazidi haivigusi. Hizo ndizo dawa mbili ambazo matibabu ya TB ya kawaida huzitegemea. Alipelekwa Kibong'oto, wilayani Siha, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu na ambayo tangu mwaka 2009 imekuwa ikitibu TB sugu. Nakiri kwamba nilipomwona akipandishwa kwenye gari, mashati yake yote yakiwa yamempwaya kama ya kuazima, nilianza kuiombea familia yake faraja badala ya kumwombea yeye uzima.

Dawa za ugonjwa huo ni kali. Zilimtia kichefuchefu, zikamletea ganzi ya miguu, na kuna nyakati alinieleza kwenye simu kwamba angependa kurudi nyumbani afie kitandani kwake. Kilichomzuia ni imani, na hapa sisemi kwa kukisia, kwa maana niliona kwa macho yangu nilipomtembelea. Kila asubuhi alipoletewa vidonge ili avimeze mbele ya muuguzi, alivishika kwanza kiganjani na kusoma kwa sauti Zaburi ya 118: "Sitakufa bali nitaishi, nami nitayasimulia matendo ya Bwana." Kisha alivimeza kimoja kimoja, na muuguzi, ambaye sikumuuliza dini yake, alimsubiri amalize mstari ndipo amkabidhi kikombe cha maji.

Jumuiya yetu nayo haikumwacha. Mchungaji na wazee wa kanisa walikwenda kumwombea, wakiwa wamevaa barakoa na kuketi naye nje kwenye hewa safi kama walivyoelekezwa. Akina mama walimpelekea mtori kwenye chupa ya chai ili umfikie ukiwa wa moto, na vijana wa kwaya walimalizia vitanda ambavyo wateja walikuwa wamekwisha kuvilipia, ili mke wake asiandamwe na madeni. Sikatai kwamba wapo waliojitenga, hata wakaivunja glasi aliyokuwa akiitumia kwenye mazoezi, ilhali TB huenezwa kwa hewa mgonjwa anapokohoa wala si kwa glasi au kupeana mikono. Nao tumewaombea.

Jaribu kubwa lilikuja alipoanza kupata nafuu. Mhubiri mmoja, ambaye si wa kanisa letu, alimpigia simu na kumwambia kwamba kama kweli anaamini amepona, basi kuendelea na vidonge ni kumdharau Mungu. Rafiki yangu alifadhaika sana, akamuuliza mchungaji wetu, naye akamfungulia Isaya 38, mahali ambapo mfalme Hezekia analia na kuomba akiwa karibu kufa, Mungu anamwongezea miaka 15, na nabii yuleyule aliyeleta habari hiyo njema anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu ili apone. Maombi na dawa vimo katika sura moja. Rafiki yangu aliendelea na dozi hadi siku ya mwisho, na leo naogopa kufikiri ingekuwaje asingeuliza, kwa kuwa anayekatisha dawa huvipa vimelea nafasi ya kuzidi usugu, kisha akawaambukiza walio karibu naye, mke na watoto kwanza.

Ndiyo maana nawaomba wachungaji na wainjilisti wa madhehebu yote, mtu anaposimama madhabahuni kushuhudia kuwa ameponywa, waache aseme yote: kwamba aliombewa, alipimwa, alimeza dawa na hakukatisha. Atakayemsikia akiwa na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili atatoka ibadani akijua pa kwenda.

Jumapili ijayo rafiki yangu atatoa sadaka ya shukrani, na ataimba na kwaya akiwa amesimama tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, jambo ambalo kifua chake kilikuwa kimemkatalia. Ameomba sehemu ya sadaka hiyo iwasaidie wagonjwa wa TB kwa nauli, kwa sababu dawa hutolewa bure lakini gari halipandwi bure. Tumewaalika pia wauguzi waliomhudumia, na wasomaji wanaomfahamu wanakaribishwa kumshukuru Mungu pamoja nasi.

Mzee wa kanisa,
Moshi, Kilimanjaro