Wazee wetu hawajamwagiwa unga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wanaotengeneza filamu, tamthilia na michezo ya jukwaani, kuhusu namna ya kumpaka kijana aonekane mzee. Mimi ni mpambaji wa maharusi hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 23 sasa, na kwa miaka 9 nimekuwa nikiwapaka pia vijana wa kikundi cha maigizo cha mtaani kwetu.

Idi iliyopita nilikaa sebuleni na mama yangu, ana miaka 81, tukitazama tamthilia. Akatokea bibi wa kwenye hadithi: binti wa miaka kama 25, nywele zimemwagiwa poda nyeupe, paji la uso limechorwa mistari mitatu ya wanja, kila kiungo kinatetemeka. Mama akatazama kidogo, akaniambia, "Mwanangu, mbona uzee wameufanya maradhi?" Akanyanyuka akaenda kulala.

Maneno yale yalinichoma, maana uso wa mama naujua kuliko uso wangu. Paji lake halina mstari hata mmoja wa kuchora kwa penseli. Kilichobadilika ni nyama. Imeondoka kwenye panja, imeondoka mashavuni, imeshuka ikakaa pembeni mwa kidevu. Chini ya macho kuna vifuko. Mashavuni ana vidoa vyeusi vilivyoinuka kama punje za ulezi, ambavyo watu weusi wengi huvipata umri ukisogea. Mboni za macho zimezungukwa na duara la kijivu linaloelekea buluu. Midomo imekonda, na matundu ya masikio yamerefuka kwa miaka yote ya vipuli. Ngozi yetu ina weusi unaoikinga na jua, ndiyo maana mikunjo midogomidogo huchelewa kutujia. Anayejifunza kuzeesha kwa picha za wazee wa Kizungu, kisha akaipaka mistari ile ile kwenye uso wa Mdigo au Msambaa, ameshakosea kabla hajafungua kopo.

Iko kazi moja ninayowaonyesha vijana kila mara. Mwaka 1974, huko Marekani, mwigizaji mweusi Cicely Tyson, hajafika miaka 50, aliigiza kwenye televisheni mwanamke anayefikisha miaka 110. Stan Winston na Rick Baker ndio waliomzeesha, na kazi ile iliwapa tuzo ya Emmy. Tyson mwenyewe aliishi mpaka 2021, akafariki ana miaka 96. Kwa hiyo tunazo sura zake mbili za uzeeni, ya kupakwa na ya Mungu. Ya Mungu ina mikunjo michache zaidi, na mashavu yamesimama. Mafundi wakubwa kabisa, na bado ngozi nyeusi ilikuwa na lake la kuwaambia.

Sasa niseme ninavyofanya, maana kulalamika bila kuonyesha njia hakumsaidii mtu. Naanza na vivuli. Namwambia mwigizaji anyonye mashavu ndani, naona panapobonyea, hapo naweka kahawia iliyoiva inayoelekea zambarau. Simgusi kwa wanja mweusi. Palipoinuka, yaani juu ya mfupa wa shavu na juu ya vifuko vya macho, naweka rangi ya ngozi yake mwenyewe iliyo angavu kidogo zaidi, karibu na shaba. Nyeupe siweki kabisa. Kwenye ngozi yetu nyeupe inageuka jivu, na kamera za siku hizi hazisamehe.

Mikunjo inayofanana na ya kweli naipata kwa mpira wa maji. Ni utomvu wa mti wa mpira, ule unaogemwa kule Kihuhwi, Muheza, ila mimi natumia uliotengenezwa kwa ajili ya ngozi. Unavuta ngozi kwa vidole, sehemu ndogo ndogo, unagusagusa mpira kwa sifongo, unakausha kwa draya upepo wa baridi, unapaka poda ngozi ikiwa bado imevutwa, ndipo unaachia. Ngozi inarudi mahali pake na mpira unajikunja wenyewe. Mgongo wa mkono ni rahisi zaidi: mwigizaji anakunja ngumi, unapaka, unakausha, unatia poda, anakunjua. Nawasihi msiisahau mikono. Mara ngapi tumeona babu wa miaka 80 anapokea kikombe cha chai kwa mkono wa mvulana wa kidato cha tatu? Nyusi na vinyweleo vipakwe mafuta mazito kwanza, la sivyo mpira utang'oka navyo.

Ndevu za pamba ziachwe. Nilijaribu hata katani ya hapa kwetu niliyoichana kwa chanuo, ikawa ngumu na ya manjano. Siku hizi kinyozi jirani ananiwekea nywele za mvi anazonyoa. Naziosha, naziua vijidudu, nabandika kishungi kimoja kimoja kuanzia chini ya kidevu nikipanda juu. Kichwani nachovya mswaki mkuukuu kwenye rangi nyeupe iliyochanganywa na kahawia kidogo, napitisha kwenye panja tu na nyuma ya masikio, kwa sababu wengi wetu mvi huanzia huko.

Mwaka jana kijana wetu wa miaka 17 alimaliza onyesho akapanda daladala bila kunawa, alikuwa anawahi nyumbani. Mwanafunzi wa kike akamwamkia, "Shikamoo babu," akampisha kiti. Kijana alikaa, akashindwa kuitika marahaba. Alinisimulia kesho yake machozi yakimlengalenga, akasema tangu hapo akimwona mzee amesimama kwenye gari hawezi tena kutazama pembeni.

Lakini si kila anayezeeshwa humaliza salama. Mwanangu wa kiume alichukuliwa na kikundi kingine kucheza nafasi ya mganga. Wakambandika ndevu kwa gundi ya viatu. Ilipobanduliwa ilitoka na ngozi, na hadi leo ana alama nyeupe upande wa kushoto wa kidevu, upana wa shilingi mia. Hakuna aliyekuja kuuliza hali yake. Sitaki kukitaja kikundi hicho, nataka tu isitokee kwa mtoto wa mwingine.

Waongozaji, nipeni siku moja kabla ya kupiga picha. Nakuja na tone la mpira na tone la gundi ya ndevu, napaka ndani ya kiwiko cha mwigizaji, nasubiri hadi kesho yake. Kikiwasha au kikivimba, situmii, tunatafuta njia nyingine. Siku yenyewe nipeni saa mbili na kiti chenye mwanga wa dirishani, si dakika kumi nyuma ya gari huku mnaniita. Na hadithi nipeni niisome, nijue huyu bibi amezeeka akilima, akivua pweza, au akikaa ofisini, maana hawa watatu hawazeeki sawa.

Mpambaji wa maharusi,
Ngamiani, Tanga