Harambee ya dawa ya figo za binti yetu: tunaomba ahadi za kila mwezi

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili ya mavuno, baada ya ibada ya pili, usharika wetu hapa Uyole utafanya mnada na harambee kwa ajili ya binti wa kwaya ya vijana. Wazazi wametupa ruhusa tueleze ugonjwa wake, jina tunalihifadhi.

Ana tuberasi sklerosisi, ugonjwa wa kuzaliwa nao unaompata takriban mtoto mmoja kati ya 6,000. Hitilafu iko kwenye jeni ya TSC1 au TSC2, ambazo kazi yake ni kuizuia protini ya mTOR isikuze seli kupita kiasi. Zuio hilo likikosekana, vivimbe huota kwenye ubongo, ngozi na figo. Ndiyo maana alipata degedege tangu mchanga, na vile vipele vya usoni si chunusi. Tunaomba maneno ya kurogwa na laana ya ukoo yakome. Kwa takriban theluthi mbili ya wagonjwa, hitilafu huanzia kwa mtoto mwenyewe, baba na mama hawana. Mama huyu ameumizwa na maneno hayo sokoni na, tuseme kweli, hata kanisani.

Sasa figo zake zote mbili zina vivimbe vya mishipa ya damu, misuli na mafuta. Si saratani. Hatari ni kwamba mishipa ile ni dhaifu, na uvimbe ukiwa mkubwa unaweza kupasuka na damu ikavujia ndani. Kufanya upasuaji kila uvimbe unapoota ni kuzimaliza figo zenyewe. Ndiyo sababu uvimbe unaokua na kuzidi sentimita 3, hata usipouma, hutibiwa kwanza kwa dawa.

Dawa yenyewe ni everolimusi, kidonge cha kila siku kinachoituliza mTOR. Marekani iliidhinisha kwa vivimbe hivi mwaka 2012. Katika utafiti uliochapishwa 2013, kati ya wagonjwa 79 walioimeza, asilimia 42 vivimbe vyao vilipungua kwa nusu au zaidi. Kati ya 39 waliopewa kidonge kisicho na dawa, hakuna hata mmoja. Huleta vidonda vya mdomo na hupunguza kinga ya mwili, kwa hiyo vipimo vya damu navyo vinahitaji fedha.

Lakini uvimbe hunywea tu, haung'oki. Dawa ikikatika, hukua tena. Ni kama dawa ya presha: anayemeza miezi mitatu akaacha hajatibiwa. Bima ya familia hii haiilipii, na ndizi anazouza mama hazifiki huko. Harambee kubwa ya siku moja, kisha kimya, haitamsaidia binti huyu. Tunaomba kila nyumba iandike ahadi ya mwezi, hata ndogo, mradi iwe ya kudumu. Jumuiya zinaweza kugawana miezi. Ankara ya duka la dawa itabandikwa kila mwezi kwenye ubao wa matangazo, ili kila mtu aone fedha zilikokwenda.

Fomu za ahadi ziko kwa wazee wa kanisa. Asiye na fedha alete viazi, mahindi, parachichi au kuku kwa mnada. Kirikuu kitapita Igawilo na Nsalaga Jumamosi mchana kukusanya mazao. Wekeni mizigo barabarani mapema.

Ndaga fijo, asanteni sana.