Barua ya wazi kwa wifi yangu: "Saratani si surua, itachanjwaje?"

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Nakuandikia kwa sababu ya swali uliloliuliza siku ya arobaini ya mama, tulipokuwa tukichambua mchele, nasi tukalipitisha kwa kicheko: "Saratani si surua, itachanjwaje?" Tangu siku hiyo naona lilikuwa swali la haki kuliko majibu yote tuliyokupa.

Tangazo la shuleni kwa binti yetu lilitaja "chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi", na jina hilo, ingawa ni la kweli, limeruka hatua ya katikati. Chanjo humzuia mwilini kirusi kiitwacho HPV, yaani kirusi cha papiloma, ambacho ndicho chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walizipata aina ya 16 na ya 18 za kirusi hicho katika vivimbe vya wagonjwa mwaka 1983 na 1984, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2008, na aina hizo mbili pekee huleta takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Sisi wanawake saratani tunaijua, maana tumeshazika watu kwa ajili yake. Kirusi ndicho hatujatajiwa, na ndiyo maana tunangoja maumivu.

Nilikuona ulivyoinamisha macho uliposikia kwamba huenezwa kwa kujamiiana. Usione haya. Watu wengi waliowahi kukutana na mwenza hukipata wakati fulani, hata mwenye mume mmoja tangu ndoa, na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili bila mtu kujua. (Atakayekuuliza ulikipata wapi, mwambie hata daktari hawezi kujua.) Hatari iko kwa wachache ambao kirusi hukaa bila kuondoka, kwani chembe za mlango wa kizazi huanza kubadilika polepole, na kufikia saratani huchukua miaka 15 hadi 20, ingawa kwa mwenye virusi vya UKIMWI mwendo huwa wa haraka zaidi.

Miaka hiyo yote ni nafasi ya kupimwa. Mimi nilipopimwa nililala kitandani nimejifunika kanga, muuguzi akaingiza kifaa cha kupanulia, akapaka siki iliyozimuliwa kwa pamba, kisha akasubiri kama dakika moja huku akimulika taa. Chembe zilizoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Nilisikia ubaridi na kubanwa kidogo, basi. Angeona weupe unaotibika hapo, angeweza kuugandisha au kuuchoma kwa joto siku hiyohiyo. Ukisubiri damu baada ya tendo la ndoa, au uchafu wenye harufu, huenda umeshachelewa.

Kuhusu binti, Tanzania ilianza kutoa chanjo hii kitaifa mwaka 2018 kwa wenye miaka 14, na tangu 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja tu. Uvumi kwamba inafunga kizazi nimeusikia hata kwa watu waliosoma, lakini ndani yake hamna kirusi hai, mna ganda tupu la protini linalouzoesha mwili kumtambua adui. Kinachomwondolea mwanamke kizazi ni saratani yenyewe, pale daktari anapolazimika kukikata. Hupewa wangali wadogo kwa sababu haimtoi kirusi aliyekwisha kuingia, na ndiyo maana kwako wewe, mwenye miaka 38, ninachokuomba ni kipimo.

Jumanne nina zamu ya mchana. Nitakupitia saa mbili asubuhi. Vaa gauni pana na ubebe kanga.

Wifi yako