Ndugu yangu, usiache dawa

Ndugu yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku Bukoba hatujambo. Mvua zimeanza, migomba imesimama, na mama anakusalimu. Kila akisikia nataja Dar anauliza kama umeshanenepa.

Ujumbe wako niliupata usiku. Ulikuwa na habari tatu: umeokoka, umeacha pombe, na kwamba Mungu amekuponya, kwa hiyo tangu ibada ile hujameza kidonge chako cha Ukimwi. Zile mbili za kwanza nilimsomea mke wangu kwa sauti na tukaomba pamoja kumshukuru Mungu. Ya tatu sikumsomea. Nilitoka nje nikaisoma tena peke yangu.

Sikuandikii ili nikuzimie moto. Nimekuombea miaka mingi, na unajua zile simu ulizokuwa ukinipigia saa nane za usiku ukiwa umelewa, unalia. Mtu aliyekuwa akilia vile, leo anaamka alfajiri kusoma Zaburi. Huo ni uponyaji, na sihitaji cheti cha daktari ili niuamini. Ugomvi wangu ni na yule mtumishi aliyekuambia kwamba kuendelea kumeza dawa ni kukosa imani.

Kwetu Kagera tunaujua ugonjwa huu kuliko yeye. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walitoka mkoa huu huu. Wakati ule watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa kwa magendo kutoka Uganda, na tulipokuwa wadogo tulifikiri ni jina la mwanamke fulani mbaya. Unakumbuka nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu? Katika nyumba hizo waliokuwemo wengi walikuwa watu wa maombi. Wazee wa ushirika walifunga, walikesha, walilia mbele za Mungu, na bado tulizika. Anayesema waliokufa walikosa imani hakuwahi kukaa kwenye matanga yao.

Vidonge vilipoanza kutolewa bure, mwaka 2004, watu wale wale wa maombi ndio waliovipokea kwa shukrani. Shangazi yangu, unayemjua, ni mlokole tangu ujana wake. Kila jioni anakishika kidonge mkononi, anafumba macho, anasema "asante Yesu", anakimeza kwa uji. Mwaka huu amecheza ngoma harusini kwa mjukuu wake. Mwambie mtumishi wako kwamba huyo ana imani haba, halafu ukimbie, maana fimbo yake iko karibu.

Au umesahau Loliondo? Mwaka 2011 nchi nzima ilikwenda huko, kijijini Samunge, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Sikumwona Babu kuwa mwizi. Kwa shilingi 500 hakuna aliyejenga ghorofa, waliotajirika ni wenye magari. Lakini foleni ilifika kilomita nyingi, wagonjwa walitolewa vitandani hospitalini wakafia njiani, na wengine waliorudi walisema "nimepona" wakaacha dawa za Ukimwi. Baadhi yao walirudi kliniki baadaye wakiwa wamechelewa. Babu mwenyewe alifariki mwaka 2021. Tulipaswa kujifunza kitu pale, na naona tumebadilisha kikombe tu: leo ni maji, kesho mafuta, keshokutwa kitambaa.

Sasa fungua Luka 17. Wakoma kumi walimlilia Yesu awarehemu, naye akawaambia, "Enendeni mkajionyeshe kwa makuhani." Kwa nini makuhani? Kwa sababu kwa sheria ya Musa wao ndio waliokuwa na kazi ya kumkagua mwenye ukoma na kutamka kama amepona. Yesu hakuogopa ukaguzi. Aliwatuma wenyewe waende. Mtu anayekukataza kwenda kupimwa anaogopa nini? Kama Mungu amekuponya kabisa, vipimo vitasema hivyo, na sisi tutaua mbuzi. Mpaka hapo, meza. Yule yule aliyemfufua Lazaro alikuwa na Luka katika watu wake, na Paulo anamwita "tabibu mpendwa". Paulo huyo huyo aliomba mara tatu aondolewe mwiba mwilini, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Utasema Paulo naye alikosa imani?

Nakuomba uelewe dawa hizi zinavyofanya kazi, maana naona umeambiwa kwamba kujisikia vizuri ndiyo dalili ya kupona. Zinafubaza virusi, haziviondoi. Vingine hubaki vimejificha mwilini, hata pale kipimo kinaposema havionekani. Ukiacha, huhisi kitu. Utakula vizuri, utaimba, utatoa ushuhuda, na wakati huo ndani ya wiki chache vinaanza kuzaliana upya. Ukimeza na kuacha, kumeza na kuacha, vinaweza kujenga usugu, na dawa iliyokuwa ikikusaidia ikashindwa. Halafu kuna mama watoto. Mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa hadi havionekani hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Ukiacha, ngao hiyo inaondoka, na yeye hajui hata kwamba ilikuwepo, kwa kuwa uliniambia vidonge ulikuwa unavificha kwenye boksi la vipuri.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Uliandika kwamba ya zamani yameoshwa yote msalabani. Amina, yameoshwa. Lakini mkeo hajui hali yako, na fedha za kikoba ulizozitumia ukiwa mweka hazina hazijarudi. Umetaka kumwonyesha Mungu imani yako kwa kutupa dawa. Mimi nasema mwonyeshe kwa kumwambia mkeo na kurudisha fedha za watu. Hilo ni gumu zaidi, na ndilo lenye Biblia nyuma yake. Zakayo alisimama akasema, "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne," na baada ya maneno hayo ndipo Yesu akatamka kwamba wokovu umefika nyumbani humo. Wewe hata mara nne hudaiwi. Rudisha mara moja tu. Yule mama wa vitumbua aliyekuwa akiweka elfu mbili mbili, anza naye.

Wazee wetu wa Uamsho, ule wa walokole wa Afrika Mashariki, walilijua hili. Ulianzia jirani yetu, Gahini, Rwanda, na ulianzia hospitalini. Yosiya Kinuka alikuwa mkubwa wa wafanyakazi wa Kiafrika pale kwa Daktari Joe Church. Mambo ya hospitali yalikuwa mabaya, akaenda Kampala kwa Simeoni Nsibambi, mmoja wa waanzilishi wa Uamsho, na malalamiko yake. Nsibambi hakumpa pole. Alimwambia ubaya ule unaanzia moyoni mwake yeye Kinuka. Alirudi Gahini mtu mwingine, na wenzake wodini wakaliona kabla hajahubiri. Na hospitali hawakuifunga! Ipo hadi leo. Moto ule ulivuka ukaingia Karagwe na Bukoba, na watu wakaanza kurudisha walivyoiba: majembe, ng'ombe, fedha za mwajiri. Wapagani walicheka nyimbo zao za sifa za Tukutendereza, lakini mpagani akiletewa jembe lake lililopotea zamani, kicheko kiliisha.

Walikuwa na neno lao, kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi." Walizidisha wakati mwingine, nakubali. Kuna ungamo lililomwaga siri za nyumba ya mtu mbele ya kijiji kizima, likaleta ugomvi kuliko amani. Kwa hiyo sikuambii ushike kipaza sauti ibadani utangaze afya yako. Hilo ni la mkeo kwanza.

Fanya hivi, nakusihi. Nenda CTC yako, kliniki unakochukulia dawa, wiki hii. Waambie ukweli ni siku ngapi hujameza, usijiongezee vidonge kufidia. Watakupima wingi wa virusi na kukuambia uanzeje. Wamewaona wengi wenye ushuhuda kama wako, hawatakula. Pale pale omba mshauri akusaidie namna ya kumwambia mkeo, ikiwezekana mwende wote akapime. Kama hana, zipo dawa za kumkinga. Kama anao, ataanza mapema, na watoto watapimwa. Atakasirika. Muache akasirike, ana haki, na usimjibu kwa mistari ya Biblia. Kaa, nyamaza, msikilize.

Kuhusu kanisa, sikuamulii. Ila wachungaji wanaofurahi kondoo wao wakimeza dawa wapo wengi, hata mtaani kwako, na kwa ajili ya pombe utahitaji jamii ya kukushika mkono, maana hamu itarudi siku usiyoitegemea, pengine siku ya mshahara. Ikirudi usidhani wokovu umetoroka. Nipigie, hata saa nane ile ile.

Nimekutumia kitu kidogo kwenye simu. Ni nauli ya kliniki, si sadaka, tusije tukaelewana vibaya. Kwa mwenyekiti wa kikoba, ukiniruhusu nitazungumza naye kwanza ili akupe nafasi ya kulipa kidogo kidogo, lakini maneno ya kuungama ni yako. Na senene wakianguka mwezi wa kumi na moja, mama amesema atakukaangia kopo zima, nitampa dereva wa basi. Uende ukalichukue mwenyewe stendi ya Magufuli, usimtume mtoto, atalimaliza njiani.

Mimi mwenzako wa kitanda cha juu,
katika Bwana