Barua ya wazi kwa mdogo wangu: lenzi isubiri, nunua siku za msituni

Mdogo wangu mpendwa,

Mbukwa. Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma mara tatu kabla ya kuamua kuujibu kwa barua, tena barua ya wazi, kwa sababu swali uliloniuliza nimeulizwa na vijana wengi wapiga picha wa hapa Dodoma tangu nilipowaonyesha picha za msitu wa milima ya Udzungwa. Umeniambia kwamba umejiwekea akiba kutokana na kazi za harusi na mahafali, kwamba umepata nafasi katika safari ya kikundi ya kupiga picha msituni mwezi Julai, na kwamba hujui ulipie siku mbili ili fedha inayobaki ununulie lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, au ulipie siku tano uende na lenzi uliyonayo. Jibu langu ni fupi: lipia siku tano. Sababu zake ndizo ndefu, nami nakuomba uzisome zote kabla hujatuma hata shilingi.

Mimi na wewe tumekulia kwenye mwanga. Hapa kwetu mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600, mbuyu unasimama peke yake shambani, na kazi ya mpiga picha ni kulikwepa jua na kulitafutia kivuli. Upande wa mashariki wa milima ya Udzungwa mambo ni kinyume kabisa. Kuna sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa kuwa milima hiyo inasimama mbele ya pepo zenye unyevu zinazotoka Bahari ya Hindi na kuzilazimisha kupanda, kupoa na kumwaga maji. Hiyo ndiyo milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, na Rubeho tunayoiona tukienda Mpwapwa ni ndugu yao wa karibu. Kwa hiyo usidhani unakwenda ugenini. Hata maji ya Mtera unayoyavuka ukielekea Iringa huteremka na Ruaha Mkuu hadi Kidatu, chini kabisa ya msitu huo ninaokuandikia.

Sasa nikueleze kosa langu, maana ndilo lililonifundisha. Mara ya kwanza nilikwenda na waandaaji ambao sitawataja, kwa safari ya siku mbili tu. Tulikuwa watu kumi na wanne nyuma ya mwongozaji mmoja. Njia ya msituni ni nyembamba, watu hufuatana mmoja mmoja, na kwa hiyo mimi niliyekuwa wa kumi sikusikia neno hata moja la mwongozaji, wala sikumwona mnyama yeyote ambaye hakuwa ameshakimbia kelele za viatu vya wenzangu tisa. Niliazima lenzi nzito kwa fedha nyingi. Nilirudi na picha mia nne za majani, na katika hizo kulikuwa na moja yenye mkia. Nililia ndani ya basi, mdogo wangu, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu fedha ile niliitafuta kwa miezi saba.

Mara ya pili tulikuwa sita, waongozaji wawili, siku tano. Mmoja wa waongozaji alikuwa mzee mzaliwa wa kijiji cha Sanje, mtu asiyebeba kamera wala darubini. Asubuhi ya kwanza alituketisha juu ya mizizi na kutuambia tusiguse kamera kwa saa nzima. Wengine walinung'unika. Mimi nilitii, na ndani ya saa ile nikaanza kutenganisha sauti: tawi linaloanguka lenyewe halilii kama tawi lililoachiwa na mbega aliyeruka, na hondohondo akipita juu ya miti, mabawa yake huvuma kabla hujamwona. Ilikuwa siku ya tatu tulipolifikia kundi la mangabi wa Sanje ambalo watafiti wamelizoesha watu kwa miaka mingi. Mangabi hawa hutumia muda mwingi ardhini, jambo ambalo sikulitarajia kwa nyani wa msituni. Jike mmoja alikaa hatua kama nane kutoka nilipokuwa, akavunja gogo lililooza kwa mikono miwili, akawa anachambua vipande polepole kama mama anayechambua mchele kwenye ungo, akitoa wadudu na kuwatia mdomoni. Nikainua kamera. Mzee akanigusa kiwiko kwa kidole kimoja, maana yake ngoja. Nikangoja. Mtoto wake akachomoza chini ya kwapa la mama, uso wake mdogo wa kijivu ukapata mwanga kutoka kwenye tundu moja la majani, na hapo ndipo kidole kile kilipoondoka kwenye kiwiko changu.

Picha hiyo niliipiga kwa lenzi ile ile uliyonayo wewe.

Nimekuwa nikifikiri sana kuhusu kidole cha mzee yule, kwa sababu historia ya msitu huu kwa wanasayansi ni historia ya watu kusikiliza wenyeji na kungoja. Mangabi wa Sanje hakujulikana kwa wanasayansi hadi mwaka 1979, ilhali wenyeji walimjua kwa sauti yake. Kwale wa msitu wa Udzungwa aligunduliwa mwaka 1991, baada ya watafiti kutoka Denmark kuona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya mboga kambini kwao. Yaani aliyewapikia alikuwa anamla ndege ambaye vitabu havijamwandika. Yule nyani aitwaye kipunji, aliyetangazwa mwaka 2005, anaitwa hivyo kwa jina la Kinyakyusa, kwa kuwa wawindaji wa maeneo ya Rungwe walikuwa wakimzungumzia muda mrefu kabla ya mtafiti yeyote kumtia machoni, na baadaye akaonekana pia katika msitu wa Ndundulu huko huko Udzungwa. Lakini kisa kinachokuhusu wewe zaidi ni cha sange uso-kijivu. Mwaka 2005 kamera iliyofungwa msituni ili ijipige yenyewe mnyama anapopita ilinasa sange ambaye hakufanana na jamaa zake wanaojulikana, na mwaka 2008 akatambulishwa rasmi kuwa aina mpya, mnyama wa gramu kama 700 hivi, mwenye pua ndefu inayochezacheza. Kamera ile haikuwa na lenzi ya mamilioni. Ilikuwa na subira kuliko binadamu, basi.

Najua utaniuliza juu ya mwanga, kwa hiyo tulizungumze kama mafundi. Chini ya miti ile kuna giza la mchana. Utalazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi 3200 na mara nyingine 6400, na usiogope chenga, zile punje zinazotokea kwenye picha za gizani, kwa sababu picha yenye chenga inaweza kusafishwa, lakini picha iliyotikisika hakuna dawa yake. Flashi iache nyumbani. Tatizo kubwa zaidi ni mbega mweusi kwa mweupe akiwa juu ya mti na anga jeupe nyuma yake: kamera huliona anga, ikadhani kuna mwanga mwingi, ikamfanya mnyama awe kivuli kitupu. Ongeza mwanga kwa hatua moja au hata mbili, ukubali anga lipotee. Hili unalijua tayari. Ni lile lile la bwana harusi mwenye suti nyeusi aliyesimama mbele ya dirisha, na shela la bibi harusi pembeni yake. Nimekuona ukilitatua kwa sekunde mbili ukumbini, nami naamini utalitatua msituni. Mbega mwekundu wa Iringa ni rahisi kidogo, kwa kuwa kofia yake ya manyoya mekundu hupokea mwanga vizuri; mtazame anapokamata tawi, utaona kwamba hana kidole gumba cha kueleweka, anashika kwa vidole vinne kama ndoana.

Kwenye maporomoko ya Sanje, yanayoshuka jumla ya meta 170 hivi kwa ngazi tatu, utahitaji stendi ya kamera. Kupanda ni kazi ya nusu siku kwenda na kurudi, na njia ina utelezi. Ukifika, punguza mwanga kidogo ili weupe wa maji usiungue, acha shata, lile pazia la kamera, wazi kwa nusu sekunde, na ukipata kichujio cha kuondoa mng'ao kiazime, maana majani yaliyolowa hung'aa kama bati na kuficha kijani chake. Hicho ndicho kifaa pekee ninachokushauri ukitafute.

Vumbi la Dodoma umelizoea, unyevu hujauzoea. Kamera ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi na kuingia katika joto la Mang'ula, kijiji kilicho chini ya milima hiyo, kioo huvaa ukungu papo hapo, na ukikifuta kwa fulana unakikwaruza. Iache ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa ili ipate joto polepole. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu usivitupe tena kuanzia leo, vikusanye. Usiku, viweke pamoja na lenzi ndani ya mfuko usiopitisha hewa, kwa sababu kuvu ikishaota ndani ya lenzi, fundi atakuambia habari usizozipenda. Soksi ndefu nazo ni muhimu. Siafu hawaulizi umetoka wapi.

Siku ya mwisho kikundi chenu kitapita Mikumi. Sitakuandikia mengi kuhusu huko, si kwa sababu hapafai, bali kwa kuwa uwanda wa Mkata unafanana zaidi na unavyofikiri: nyasi, jua la asubuhi, tembo, twiga, na nyinyi ndani ya gari. Mwombe dereva azime injini kabla hujapiga, kwa kuwa mtetemo wake unaingia kwenye picha. Nimekushonea kifuko cha kuegemezea lenzi dirishani kutokana na kipande cha khanga ya mama. Nimekijaza mtama.

Kuhusu waandaaji, wapigie simu mwenyewe, wala usitosheke na matangazo yao yenye picha nzuri. Waulize kila mwongozaji mmoja atakuwa na watu wangapi, nao wakikuambia zaidi ya watano, omba upunguziwe bei au uache. Waulize kama waongozaji wanatoka vijiji vya Mang'ula na Sanje au wanaletwa kutoka mjini, kwa sababu mtu anayeujua mti mmoja mmoja kwa jina ana thamani kuliko mtu anayejua kamera kumi. Waulize pia watafanya nini mtu wa kikundi akiwa na mafua. Swali hili litawashangaza wengine, lakini nyani hupata magonjwa yetu ya kifua, na mangabi wa Sanje hawapatikani mahali pengine popote duniani zaidi ya milima hiyo. Mwandaaji atakayekujibu kwamba mgonjwa atabaki kambini, au atavaa barakoa na kukaa mbali, huyo mlipe kwa moyo mweupe. Atakayekuahidi kwamba mtawasogelea wanyama hadi mwisho, au kwamba wapo wanaorushiwa ndizi ili wasogee, huyo mkatae hata kama bei yake ni nusu. Na ukimwona mwenzako ndani ya kikundi anapiga miluzi ili mbega ageuke, mwambie aache, kwa adabu lakini kwa sauti inayosikika. Mimi mara ya kwanza nilinyamaza, na hadi leo linanikera.

Lenzi ndefu utainunua baadaye, ukishajua unaihitaji kwa ajili ya nini. Mimi mpaka sasa sijainunua.

Treni ya umeme itakufikisha Morogoro mapema, na wenzako watakuwa na Coaster ya kuwapeleka Mikumi na kisha Mang'ula, kupitia mashamba ya miwa ya Kilombero. Ukishapita Kidatu, kaa dirisha la upande wa kulia. Milima itatokea ghafla, ikiwa imevaa msitu kuanzia miguuni hadi mawinguni, nawe utataka kutoa kamera. Iache kwanza, utazame. Kifuko cha mtama nimekiacha kwa mama, huko Chamwino, kipitie kabla ya Ijumaa, na ukimkuta yule mzee wa Sanje, mpe shikamoo yangu na picha ya mangabi na mtoto wake niliyoichapisha kwa ukubwa na kuiweka ndani ya bahasha ya kaki. Nilimwahidi nitamletea mwenyewe, ila safari yangu imesogezwa hadi mwezi Septemba, na sitaki angoje hadi hapo.

Ni mimi dada yako,
Dodoma