Silikoni si gasketi ya tapeti kava

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie wenye magari na mafundi wa Mtwara na Lindi jambo linalonikera, nalo ni desturi ya kuzuia oili inayovuja kwenye tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini, kwa kupaka silikoni mzunguko mzima badala ya kubadilisha gasketi yenyewe, yaani mpira unaoziba kati ya kifuniko hicho na injini.

Gari langu, Toyota IST, lilianza kutoa harufu ya oili inayoungua kila nilipopanda kwenda Newala. Fundi wa kwanza alidhani ni sili ya nyuma ya krenki, yaani mpira unaozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea upande wa gia boksi, akataka kushusha gia boksi, kwa kuwa oili ilikuwa imechuruzika kutoka juu hadi pale injini inapoungana na gia boksi, na vumbi limeigandia kiasi kwamba chanzo hakikuonekana. Wa pili alisafisha, akaona kwamba inaanzia kwenye tapeti kava, akapaka silikoni. Baada ya wiki chache harufu ilirudi. Ndipo nikaamua kufungua mwenyewe nyumbani, asubuhi, injini ikiwa imepoa usiku kucha na waya wa hasi wa betri umeondolewa.

Nilichokikuta ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Silikoni ilipokandamizwa ilitokeza pande zote mbili. Ya nje ni uchafu tu, lakini ya ndani ilikuwa inaning'inia kama mikia ya mijusi karibu na kemshafti, mhimili unaofungua vali, na baadhi ya vipande vilikuwa vimeshakatika. Vipande vya namna hiyo huteremka na oili hadi kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, vikanasa kwenye chujio la mdomo wa pampu, na chujio likiziba oili haipandi tena kulainisha injini, hivyo mtu aliyekwepa gharama ya mpira mmoja hujikuta akitafuta injini nzima. Ilinilazimu kushusha sampo na kulisafisha chujio, kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko kubadilisha gasketi.

Sisemi kwamba silikoni haina mahali pake. Sampo ya injini kama hii hufungwa kwa silikoni tangu kiwandani, na hata kwenye tapeti kava hutiwa tone dogo pale kava ya cheni inapokutana na silinda hedi, sehemu ya juu ya injini inayokaliwa na tapeti kava, kwa sababu pana mwanya ambao mpira peke yake hauufuniki vizuri. Kwingine kote kazi ni ya gasketi. Mpira huo huchoka kwa joto la miaka mingi, hukauka, hulala, na hauwezi tena kusukumana na chuma; kuupaka silikoni juu hakuurudishii ulaini wake.

Aliye na soketi namba 10 na subira anaweza kuifanya kazi hii nyumbani, ila huku Mikindani upepo wa bahari huzitia kutu bolti, kwa hiyo ni vyema kuzilowesha mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla. Uso wa silinda hedi unaokaliwa na gasketi ufutwe kwa kitambaa hadi ukauke, bila kuparuza alumini kwa msasa, na mipira ya mashimo ya plagi ibadilishwe pia, kwani ikivuja oili hujaa humo na kuharibu koili. Kosa kubwa zaidi ni kukaza kupita kiasi: bolti hizi huhitaji nguvu ya kukaza ya takriban Nyutoni-mita 10 tu, zikikazwa kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni, na anayezilazimisha hupinda kava au hukata bolti ndani ya hedi. Ikumbukwe pia kukagua vali ndogo ya kutolea mvuke wa injini, kwa kuwa ikiziba, shinikizo hupanda na hata gasketi mpya itasukumwa na oili.

Ombi langu kwa mafundi wetu ni kwamba, kabla ya kufunga tapeti kava, wamwoneshe mteja gasketi ya zamani na mpya, zote mbili mkononi, na kwa wauza vipuri ni kwamba wamuulize mnunuzi namba ya injini yake badala ya jina la gari tu, maana gari la jina moja huweza kuja na injini tofauti na gasketi zake hazilingani.

Mkazi wa Mikindani,
Mtwara