Nimekosa ndege ya kwenda, wakaniulia na ya kurudi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, hii kitu imenikaa rohoni toka mwezi uliopita na nikinyamaza najua kuna mwingine wa huku kwetu ataingia mkenge huo huo.

Iko hivi. Nilikuwa na safari ya Dar kufuatilia mafao yangu, nikasema safari hii mgongo umechoka, basi sipandi, nikakata tiketi ya ndege kwenda na kurudi kutoka uwanja wetu wa Songwe, laki nne na ushee, nikalipa kwa simu, meseji ikaingia na ile namba ya herufi sita. Kwenda Alhamisi, kurudi Jumapili. Jumanne usiku simu ikaita, msiba, shemeji yangu wa Mafinga. Jumatano nikapanda gari Uyole, Alhamisi tukazika mchana wakati ndege yangu imeshapaa kitambo, na mtu ukishafika Mafinga hurudi tena Mbeya kutafuta usafiri wa Dar, Dar si iko mbele yako? Nikaunganisha na basi la usiku, Kitonga tumeshuka nimelala. Nikajisemea ile ya kwenda imeliwa, sawa, kosa langu, sikupiga simu, ingawa kwenye msiba nani anakumbuka kupigia watu wa ndege. Ila ya kurudi ni yangu, nimeilipia.

Jumapili nikafika uwanjani mapema kama walivyoagiza, na boksi langu la samaki wa Feri nimelifunga vizuri kabisa. Binti wa kaunta akaniamkia, shikamoo baba, akaingiza zile herufi, akakunja uso, akamwita mwenzake. Baba, mbona tiketi yako imefutwa? Alhamisi hukupanda. Namwambia mwanangu ndio sikupanda Alhamisi, leo Jumapili, nataka ya Jumapili. Akanijibu kwa upole tu, ukikosa ya kwanza mfumo unaua zote baba. Ukitaka kusafiri leo kata mpya, bei ya leo. Bei ya leo ilikuwa inakaribia ile niliyolipa kwenda na kurudi! Nikabeba boksi langu mpaka stendi ya Mbezi. Hao samaki sitaki kuwaongelea, abiria wenzangu wa lile basi kama mnasoma hapa nisameheni.

Sasa nimeuliza uliza nikaelewa. Kumbe tiketi ya kwenda na kurudi kwao sio tiketi mbili, ni moja yenye vipande, na vipande vinatumika kwa mpangilio, cha kwanza kwanza. Ndege ikiondoka bila wewe kompyuta inakuandika noshoo, yaani abiria hakutokea, na hapo hapo inafuta vyote vinavyofuata, hakuna mtu anayekaa kufikiria. Ukiacha kipande cha mwisho hakuna neno maana hakuna kilichobaki cha kufuta. Ukiacha cha kwanza umekwisha. Na mashirika mengi duniani yanafanya hivyo, tena zamani sana, kwa hiyo sisemi hawa wa kwetu wameibuni.

Sababu yao nayo nimeisikia. Wenzetu huko Ulaya na Marekani kuna wakati tiketi ya kwenda na kurudi inakuwa rahisi kuliko ya kwenda tu, watu wajanja wananunua ya pande mbili wanatupa upande mmoja, mashirika yakaweka hiyo sheria kuwabana. Haya, lakini mimi nimebana nini? Risiti yangu imeandika kwenda bei yake, kurudi bei yake, unajumlisha mwenyewe, hakuna hata mia niliyopunguziwa kwa kukata pande mbili. Sheria ya kukamata wajanja imekuja kukamata mfiwa wa Mafinga.

Halafu sikia hii. Jirani yangu mmoja alikuwemo kwenye ndege ile ile ya Jumapili, anasema ilijaa pomoni. Maana yake kiti changu kimekaliwa. Mimi nimelipia, na aliyekikalia amelipia. Basi la Mbeya likifanya hivyo pale stendi ya Nanenane watu wanaitana polisi.

Na kinachoniogopesha zaidi ni wale wanaounganisha. Sisi wa huku tunaujua ukungu wa Songwe, ndege inakuja inazunguka juu inarudi zake Dar. Sasa mtu ana tiketi moja, Songwe mpaka Dar, Dar mpaka Dubai, anaona hali ya hewa imechafuka, kwa woga wa kukosa ile kubwa anawahi kupanda basi usiku. Anajiona ana akili kumbe amejimaliza, kile kipande cha Songwe ndege ikifanikiwa kuondoka bila yeye, Dubai nayo imekufa. Jamani kama uko hivyo piga simu kabla ndege haijaondoka, waambie kipande cha kwanza sitatumia, wabadilishe, hata kama watakutoza, na hakikisha wamekutumia meseji ya kuthibitisha.

Kijana wangu amenitafutia mtandaoni, Ujerumani mahakama yao ya juu iliikataa sheria ya namna hii toka 2010, ikaona inamwonea abiria asiye na ujanja wowote, na Hispania mwaka 2018 nao wakaibatilisha ya shirika la Iberia. Kwa hiyo sio kwamba haigusiki. Sisi tuna TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na tuna lile baraza lao la watumiaji wa usafiri wa anga, nimeshawaandikia barua nasubiri. Nimedai pia nirudishiwe walau ada za uwanja, maana uwanja wenyewe sijautumia, nimeishia kaunta.

Ila hata kabla ya baraza kukaa, hao wenye ndege wangeweza kufanya kitu kimoja bila gharama. Ile habari ya vipande ipo, nimeionyeshwa, iko ndani ya masharti ya Kiingereza kurasa sijui ngapi, unabonyeza nimekubali ndio unaendelea. Lakini meseji ya kunikumbusha nifike mapema na mzigo usizidi kilo walizonipa walinitumia mara mbili, kwa Kiswahili safi kabisa. Sentensi moja zaidi ingeenea.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya